Simu Isiyo na Mlango wa Laini

Jumatatu, 3 Juni 2024

Simu ya mama imefika. Gloria kaileta mwenyewe kibandani. Ni nesi, mtu wa Mwanhuzi, anaishi mji mmoja na kaka Machibya huko Marekani, amekuja likizo ya wiki sita. Ilikuwa imeviringishwa kwenye soksi ya mtoto, juu yake mfuko wa nailoni. Kioo hakina hata mkwaruzo.

Nikamuuliza Gloria, kaka anaendeleaje? Kasema yuko salama. Halafu akauliza choo kiko wapi. Aliporudi alikuwa na haraka.

Nimeigeuza simu mara tatu. Haina mahali pa kuweka laini! Juu hakuna, pembeni hakuna, chini ni tundu la chaji tu. Miaka kumi na moja nafungua simu za watu hapa Bariadi, hii ndiyo mara ya kwanza kushika ya aina hii. Nilisoma tu kwamba za Marekani wameondoa kabisa. Laini inaingia kama programu. Unapiga picha mchoro wa vimraba, mtandao unakushushia laini hewani.

Saa nane mama kapiga kwa kitochi chake, kale kasimu kadogo ka vitufe: imefika? Imefika. Basi kesho nimwone mwanangu. Nikasema bado kidogo mayu, haijawekwa laini.

"Iweke basi."

Sijamwambia kwamba hakuna pa kuiweka.

Jumanne, 4 Juni

Niandike kwa mpangilio, maana nazunguka tu.

Kwetu inashika mitandao miwili. Mbiu wana mnara Ngulyati, ndio pekee unaofika nyumbani kwa mama — na unafika kwa ile herufi E ya zamani, ya kupiga na meseji. Picha inazunguka mpaka uchoke. Tausi wana 4G safi, lakini ni ya mjini. Ukitoka kilomita chache inakata. Laini za hewani wanatoa Tausi peke yao, Mbiu bado. Kwa hiyo mtandao unaoingia kwenye simu haufiki nyumbani, na unaofika nyumbani hauingii kwenye simu.

Mwalimu aliyetufundisha ufundi Mwanza alizoea kusema mitandao ni kama reli zetu. Reli ya Kati upana wake, reli ya kwenda Zambia upana wake, behewa la huku halitembei kule hata mlisukume wote. Ilikuwa enzi za simu zile za kampuni moja ambazo laini ilikuwa imo ndani kwa ndani. Kampuni ikifa, simu nayo inakufa. Nilidhani tumeshatoka huko.

Sawa. Mama atakuja mjini siku ya kuongea. Hilo limeisha.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi ya Tausi. Dirishani alikuwa Constantine, tunafahamiana, hunitumia wateja. Namba ya kitambulisho cha NIDA, alama za vidole, akanichapia karatasi yenye mchoro. Nikaupiga picha. Simu ikafikiria muda mrefu. Halafu ikaandika kwa Kiingereza kwamba laini hii haikubaliki, wasiliana na mtandao wako.

Constantine akasogeza miwani. "Dada Kabula, hii imefungwa. Inakubali mtandao wa kwao tu."

Nilijua. Tangu Jumatatu nilipoingia kwenye setingi nililiona lile neno. Nilikuwa natumaini tu. Fundi mzima natumaini!

Wapo Mwanza wanaojisifu wanafungua simu hizi. Hawafungui, wanaziua. Anayeweza ni kampuni iliyoiuza, na mwenye simu ndiye anayeomba. Nimemwandikia kaka. Kajibu baada ya saa mbili: sawa, naomba leo leo, wanasema siku saba; intaneti ya kuazima kutoka simu yako hapana, itakatakata.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Pamba imeshaingia ndani, chumba cha mbele ni magunia mpaka dirishani. Mama kanisalimia kabla sijafika mlangoni, kanijua kwa hatua. "Mwadila, Kabula." Kichwa kakiinamisha upande, kama kuku anavyotazama.

Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaona katikati tu, pembeni kote giza. Mwenyewe anasema ni kama kuchungulia kwenye bomba. Presha ya macho. Daktari aliyempima mwezi wa tatu alisema matone yanachelewesha, hayarudishi. Alitaja mwaka mmoja wa kuona.

Nikampa simu aishike. Kaipapasa, kainusa. Kasema inanuka sabuni.

Nikamweleza kwamba kaka anaomba ifunguliwe.

"Nani kaifunga?"

Kampuni.

"Si aliinunua?"

Aliinunua.

"Halafu wakaifunga." Akatingisha kichwa. "Ng'ombe ukishamnunua, kamba unafungua mwenyewe."

Nilitaka kumwambia tutumie yangu. Nikaacha, tumeshajaribu mno. Zamani sauti ilimtosha mama; tangu Oktoba tulipoanza kuomba picha, kaka hakubali kuonekana. Kila mara ni mtandao: wa kwao, wa kwetu, mara kamera imekufa. Sauti anatuma, na sauti inakuja safi kama yuko hapo Somanda mjini. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema atamtumia mama simu ya maana, hiyo ndiyo wataonana nayo. Sasa mama hataki kusikia nyingine.

"Sauti nimeshiba," kasema. "Nataka uso, Kabula. Kabla hapajafungwa kote."

Alhamisi, 13 Juni

Leo siku ya saba. Kaka: bado, labda Jumatatu.

Mteja mmoja, mzee Josia, mkulima. Simu yake ya ofa ya Tausi inakataa laini ya Mbiu, na kwake Tausi haifiki. Miezi mitano anapanda baiskeli hadi barabara kuu ili simu ifanye kazi! Nimempeleka kwa Constantine, wamemwandikia fomu, imefunguliwa kabla ya saa tisa. Kapiga simu nyumbani palepale kibandani. "Naona tu kama inaita," kamwambia mkewe, kakata.

Ya mama iko drooni. Nimeizima ili isimalize betri bure.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Mji umetulia. Kazi ya leo: kioo kimoja, chaji mbili. Kaka: bado.

Jumatano, 19 Juni

Asubuhi hakukuwa na mtu. Nimeingia kwenye ukurasa wa kampuni ya huko. Unaandika namba ya utambulisho ya simu yenyewe, zile tarakimu kumi na tano ambazo kila simu inazo, nayo inakuambia hali yake. Ikajibu mistari miwili. Simu hii inastahili kufunguliwa. Hakuna ombi lililopokelewa.

Nikaandika namba upya, labda nimekosea moja. Mistari ileile.

Hakuomba.

Baada ya hapo nimebadilisha kioo cha mwalimu mmoja. Kimekaa vizuri.

Alhamisi, 20 Juni

Ukurasa ule una kitufe cha kuomba. Nimekibonyeza mwenyewe saa kumi jioni, kwao saa mbili asubuhi. Wanatuma tarakimu sita kwenye laini ya mwenye simu. Bila hizo hakuna kitu, na zinaishi dakika kumi. Nikamwandikia kaka: zimeingia kwako sasa hivi, nitumie.

Tiki mbili. Zikawa bluu. Anaandika. Akaacha. Anaandika. Akaacha.

Ukurasa ukasema muda umekwisha.

Nikampigia Gloria, yuko kwao Mwanhuzi. Sikuzunguka: kaka yangu ana nini? Nasikia ng'ombe nyuma yake na mtu anapiga mluzi. Kasema, "Dada, mimi nilibeba simu tu. Muulize mwenyewe." Nilipotaka kukata akaongeza: "Lakini usimuulize kwa hasira."

Ijumaa, 21 Juni

Kaka kapiga. Sauti tu, kama kawaida. Hakusalimia kirefu.

Ilikuwa Septemba mwaka jana, kiwandani. Wanachinja na kufunga nyama. Yeye ni wa kuosha mashine, kwa maji yanayochemka yanayotoka kwa nguvu kwenye mpira. Mpira ukachomoka. Upande wake wote wa kulia: shavu, sikio, kope, shingo hadi bega. Wamemtoa ngozi ya paja wakaibandika usoni, mara tatu sasa. Jicho limepona. Mdomo unavutwa upande, ndiyo maana maneno mengine yanamteleza. Na mimi nilidhani ni Kiingereza kimemkaa mdomoni!

Nilihesabu. Miezi tisa. Nikamwambia, mama anauombea mtandao wako kila Jumapili kanisani, kwa jina lake, mtandao! Alicheka kidogo. Halafu nikasikia hacheki tena.

Nikamwambia mama si mtoto. Kazika watoto wawili na mume. Uso atauvumilia.

Kasema si hilo. Naandika maneno yake kama yalivyotoka, nisije nikayabadilisha baadaye:

"Kabula, daktari katoa mwaka. Mtu akipofuka anabaki na alichokiona mwisho. Sasa hivi mama ana uso wangu wa stendi, siku naondoka, nimevaa shati la njano. Ukiifungua hiyo simu utamnyang'anya ule, umpe huu. Na hatapewa mwingine tena."

Nikamuuliza, kwa hiyo uliituma ukijua imefungwa?

Alijua. Aliichagua hiyo, isiyo na mlango, iliyofungwa, akijua fundi yeyote huku atakwama na hakuna atakayelaumiwa. Atalaumiwa mtandao.

Tangu jana nimekuwa naandaa hasira. Sasa sina pa kuiweka.

Kaniomba nimwambie mama kampuni imekataa. Nimesema nitafikiri. Nimefunga kibanda saa kumi na mbili kama siku zote, nikanunua nyanya na dagaa.

Jumapili, 23 Juni

Nimemwambia mama kampuni imekataa. Kasema, "Haya." Akaendelea kupepeta mtama. Hakuuliza kitu. Heri angeuliza.

Alhamisi, 27 Juni

Kazi nyingi. Wakulima wameuza pamba, wananunua simu. Nusu ya simu hizo zinakubali mtandao mmoja tu. Nafungua zinazofunguka.

Simu ya mama nimeiwasha, nikaizima.

Kaka yuko sahihi. Nimelala nikiwaza hivyo, nimeamka nikiwaza hivyo. Lakini ameamua peke yake, na kunitumia mimi kama kufuli.

Jumanne, 2 Julai

Hospitali na mama. Anatazama mbele, nesi anasogeza vidole kutoka pembeni, aseme anapoviona. Vilikuja karibu kabisa na pua ndipo akasema sasa. Daktari kaandika. Kaniambia nje, pembeni: nafasi inayoona imepungua kuliko walivyotarajia. Safari hii hakutaja mwaka. Kasema miezi.

Tukaja kibandani, nikamnunulia chai na mihogo. Kakaa kiti cha wateja. Palikuwa na mwanamke mmoja anasubiri betri yake, anaongea na mumewe kwa picha, mume yuko Dodoma. Kelele tupu: nyoa ndevu, umekonda, hilo shati nani kakufulia. Mama aliacha kutafuna. Alisikiliza mpaka yule akamaliza, akalipa, akaondoka.

"Atakuwa amezeeka," kasema.

Nani?

"Machibya. Miaka tisa si mchezo. Baba yake alianza mvi na miaka thelathini na tano, mashavu yakaingia ndani." Akasogeza kikombe cha chai. "Yule wa shati la njano ninaye. Huyo sihitaji kuonyeshwa, nikifumba macho namwona. Wa sasa ndiye simjui. Napofuka, nitabaki naongea na yule wa zamani, na anayenijibu ni mtu mwingine."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini. Nikamwomba arudie, nikabonyeza kurekodi. Hakuuliza kwa nini. Akarudia kwa Kisukuma, refu zaidi, na mambo ya baba ambayo mimi sikuwahi kuyasikia.

Nimemtumia kaka sauti hiyo. Sikuongeza neno langu hata moja.

Jumatano, 3 Julai

Kaisikiliza. Tiki za bluu. Hakuna jibu.

Jumamosi, 6 Julai

Hakuna.

Jumatatu, 8 Julai

Saa kumi na moja jioni, neno moja: Nimeomba.

Simwamini tena kwa mdomo. Nimeingia ukurasani, nikaandika zile kumi na tano, nishazijua kwa kichwa. Ombi limepokelewa. Siku mbili za kazi.

Nilikosea kulegeza skrubu ya simu ya mteja, kichwa cha skrubu kikalika chote. Nimemwomba radhi.

Jumatano, 10 Julai

Imefunguka.

Hakukuwa na mlio wala nini. Niliingia kwenye setingi, pale palipoandikwa imefungwa pameandikwa hakuna kizuizi. Nikaenda moja kwa moja kwa Constantine, karatasi mpya, mchoro mpya. Dakika moja. Vijiti vinne, jina la Tausi juu, 4G. Nikajipigia, simu yangu ikaita mfukoni. Constantine kapiga makofi mpaka waliokuwa foleni wakageuka.

"Umeifungua mwenyewe?"

Nikasema hapana, mwenyewe kaifungua.

Nimempigia mama kwamba kampuni imekubali. Wamebadili mawazo? Ndiyo, mayu. Kasema wabeja, anashukuru, niwapelekee salamu zake. Kampuni!

Kaka kasema Jumamosi, saa kumi za kwetu. Kasema nisimwambie mama lolote, atamwambia yeye mwenyewe kabla hajamwonyesha. Nimekubali. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumamosi, 13 Julai

Saa tisa na nusu. Mama keshafika kwa bodaboda, khanga mpya, kichwa kasuka. Nimemkalisha uso uelekee mlangoni, kaka amwone. Mwanga wa kioo nimeupandisha hadi mwisho. Nimefunga dirisha la wateja. Naandika hapa kwenye benchi ili mikono iwe na kazi.

Saa kumi na dakika sita. Imeita. Mama alikuwa anabonyeza kila mahali. Nimempokelea, nikarudi kukaa.

Mtandao ni mzuri. Haukati, haugandi. Leo hakuna wa kusingiziwa.

Kaka amekaa ubavu. Kofia, na nyuma yake dirisha. Unaonekana upande wa kushoto tu. Kanenepa kidogo. Wanasalimiana kirefu, Kisukuma cha nyumbani. Anauliza mvua, anauliza pamba, anauliza ng'ombe yule mwekundu kama bado yupo. Mama anajibu yote. Simu kaisogeza mpaka pua inataka kugusa kioo, anaitembeza polepole: paji, jicho, pua, kidevu. Kipande kwa kipande, ndivyo anavyoona sasa.

Mama kasema, mvi nilijua.

Kasema, baba yako mtupu.

Kaka kacheka. Dakika ya kumi na mbili. Hajasema.

Mama kaisogeza simu mbele kidogo apumzishe jicho; nimemkazia kaka macho kwenye kioo, kwa mbali, juu ya bega la mama. Ananiona. Anamuuliza mama habari za kwaya.

Mama anaitembeza tena simu, pua, halafu kule upande wa pili. Inafika ukingoni. Anairudisha. Kajipangusa jicho kwa upindo wa khanga, kajaribu tena, polepole zaidi. Pua. Ukingo.

"Kabula." Ananiita bila kuutoa uso kwenye simu. "Upande huu mmoja siupati. Ni macho yangu, au ni simu?"

Kaka amesikia. Kofia haisogei.

Wote wawili wananisubiri mimi.